Cheti Chako Hakikuhitaji Kusafiri

Machi 2025 ofisi ya FBI ya Denver, Marekani, ilitoa onyo kuhusu tovuti za bure za kushughulikia mafaili: zinazogeuza Word kuwa PDF, zinazounganisha picha kuwa faili moja, zinazoshusha muziki. Onyo lilikuwa na mambo mawili. Kwanza, baadhi ya tovuti hizo hufanya kweli kazi uliyoziomba, ila faili linalorudi limebeba programu hasidi. Pili, zinaweza kulichambua faili ulilopakia na kuchota humo namba za utambulisho, tarehe za kuzaliwa, taarifa za benki na nywila. Onyo la namna hii likishazunguka kwenye makundi ya WhatsApp hupungua kila linaposambazwa, mpaka linabaki sentensi moja: tovuti za bure za PDF ni za wezi, msizitumie.

Usomaji huo unakosea mara mbili. Unawapaka matope walio waaminifu, na hapohapo unampa mtu usalama wa bandia, kwa sababu anayelipia, au anayetumia tovuti yenye jina, huona kwamba onyo halimhusu. Ninachodai hapa ni kwamba kujua kama tovuti ni ya mwizi au ya mwaminifu ni swali la pili. La kwanza ni kama faili lilihitaji kutoka kwenye simu au kompyuta yako hata kidogo. Kwa kazi nyingi tunazozipeleka huko, yaani kupunguza ukubwa, kuunganisha kurasa, kugeuza picha kuwa PDF na kuondoa nywila, jibu ni hapana.

Tatizo lenyewe huanzia kwenye fomu. Maombi ya kazi, mkopo wa chuo, leseni, viza: kila mfumo unadai PDF isiyozidi ukubwa fulani, mara nyingi megabaiti moja au mbili, na mwombaji ana simu mkononi. Kamera ya megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000, yenye uzito wa megabaiti tatu hadi tano kwa ukurasa mmoja. Cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha chuo na kitambulisho vikiwekwa pamoja, faili limeshapita megabaiti 15. Dirisha la maombi linafungwa saa sita usiku. Mtu anaingia Google, anaandika anataka kubana PDF, anabofya kilicho juu kabisa, na kilicho juu kabisa mara nyingi ni tangazo lililolipiwa. Ndani ya dakika mbili maisha yake yote ya kiserikali yako kwenye seva ya mtu asiyemjua.

Si maneno ya kutia chumvi. Chukua namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, peke yake. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Aliyeipata namba ameipata tarehe pia, na tarehe ya kuzaliwa ndiyo inayotumika mahali pengi kama swali la uhakiki, au kama nywila ya kufungulia taarifa za akaunti zinazotumwa kwa barua pepe. Kwa hiyo kitambulisho na taarifa ya benki vikikaa kwenye folda moja, kimoja kimeshakuwa ufunguo wa kingine.

Nini hasa hutokea ukibofya "pakia"? Ile kufuli kwenye kivinjari inakuhakikishia kwamba faili halisomwi njiani. Haisemi lolote kuhusu mwisho wa safari, ambako seva lazima ilione faili likiwa wazi ili ilifanyie kazi. Inaandika nakala ya ulicholeta, inaandika nakala ya matokeo, kisha inatengeneza kiungo cha kukuwezesha kupakua. Hapo tayari kuna nakala mbili na mlango mmoja. Mlango huo kwenye tovuti nyingine haudai nywila yoyote. Mwenye kiungo ndiye mwenye faili.

Wanaozitetea tovuti hizi wana hoja nzito, na ni haki ipewe uzito wake. Kampuni kubwa za kazi hii zinajulikana zilipo na zinaendeshwa chini ya sheria za Ulaya: iLovePDF iko Barcelona na inasema hufuta mafaili ndani ya saa mbili, Smallpdf ni ya Uswisi na inasema saa moja. Biashara yao ni kuuza usajili wa kulipia, na kashfa moja ya kuuza vyeti vya watu ingewamaliza. Kwa mwaliko wa harusi, notisi za darasani au ratiba ya ligi ya mtaa, sioni sababu ya kumzuia mtu. Anayesema tovuti hizo ni salama kuliko kompyuta nyingi za mtaani zisizosasishwa tangu zinunuliwe hajakosea.

Hata hivyo hoja hiyo inajibu hofu ya wizi tu, na visa vilivyothibitishwa havikuhitaji mwizi. Mwaka 2024 watafiti wa Cybernews, tovuti ya habari za usalama wa mtandao, walikuta hifadhi ya mtandaoni iliyoachwa wazi, mali ya tovuti mbili za kutengeneza PDF zilizokuwa na mmiliki mmoja, ikiwa na nyaraka takriban 89,000 za watumiaji: pasipoti, leseni za udereva, vyeti, mikataba. Hakuna aliyevunja mlango. Mlango haukuwa umefungwa. Septemba 2017 shirika la utangazaji la Norway, NRK, liliripoti kwamba maandishi ya wafanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Statoil, yaliyopitishwa Translate.com ili yatafsiriwe bure, yalikuwa yakipatikana kwa kutafuta Google. Novemba 2025 kampuni ya usalama ya watchTowr ilionyesha kwamba tovuti mbili maarufu kwa waandika programu, JSONFormatter na CodeBeautify, zilikuwa na kitufe cha kuhifadhi kazi na ukurasa unaoorodhesha viungo vya karibuni, na kwa kufuata viungo hivyo walikusanya zaidi ya vipande 80,000 vya kazi zilizohifadhiwa, vikiwemo vyenye nywila na taarifa za utambulisho wa wateja. Waliopakia vitu hivyo ni mafundi wenyewe. Walibofya "hifadhi" bila kujiuliza inahifadhiwa wapi na nani mwingine anaona.

Uaminifu wa tovuti, kwa hiyo, hauzuii uzembe. Na jina kubwa halizuii kuigwa. Aprili 2025 kampuni ya usalama wa mtandao ya CloudSEK ilieleza tovuti zilizonakili sura ya PDFCandy, tovuti halali ya PDF, nembo na kila kitu, kwa majina ya anwani yanayofanana. Ukishapakia faili, mstari wa "inashughulikiwa" unakwenda kama kawaida, kisha linatokea dirisha la kuthibitisha kwamba wewe ni binadamu, nalo linakuelekeza uendeshe amri kwenye kompyuta. Amri hiyo ndiyo inayoleta ArechClient2, programu inayokomba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Hapa kuna kanuni isiyohitaji utaalamu: zana ya PDF hurudisha faili la aina uliyoomba, kama .pdf au .docx, au .zip kama mafaili ni mengi. Ikirudisha .exe au .js, ambazo ni programu, au ikikuambia ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na R kisha ubandike kitu, funga ukurasa. Windows huficha viambishi hivi vya mwisho wa jina mpaka uvifungulie kwenye menyu ya "View" ya File Explorer, kwa hiyo faili linaloitwa "cheti.pdf" linaweza kuwa "cheti.pdf.exe".

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi: sina cha kuibiwa, akaunti yangu haina kitu. Anayesema hivi anadhani nyaraka huibwa ili kuchukua alicho nacho. Thamani ya kitambulisho kwa tapeli ni jina safi la kufanyia mambo: kukopa, kufungua akaunti, kupitisha fedha, kumpigia ndugu yako simu akiwa na maelezo yako yote. Mwenye akaunti tupu na jina safi ni bidhaa nzuri tu. Tena nyaraka si zako peke yako. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kina majina ya wazazi wote wawili. Ofisa utumishi anayepakia orodha ya mishahara ili igeuke Excel anawapakia wafanyakazi wote, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa.

Wapo pia wanaosema sheria ipo. Ni kweli: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Sheria hizo zina meno kwa benki, shule au mkopeshaji aliye Nairobi au Dodoma. Kwa tovuti isiyo na anwani wala jina la mmiliki, tume inayosimamia sheria itampelekea nani barua?

Hoja ninayoiona ngumu kweli ni ya wasio na kompyuta. Kwa mamilioni ya watu, "zana ya mtandaoni" ni kijana wa steshenari, au wa saiba kama wanavyosema Kenya. Mteja anatuma picha za vyeti kwa WhatsApp ya dukani, kijana anazifungua kwenye kompyuta, anazipakia kwenye tovuti aliyoizoea, anashusha PDF, anaingiza kwenye mfumo wa maombi. Hesabu nakala zilizobaki: kwenye simu ya duka, kwenye folda ya "Downloads" ya kompyuta ambayo watu ishirini watakaa mbele yake kesho, kwenye tovuti, na kwenye hifadhi rudufu ya WhatsApp kama imewashwa. Ukifuta ujumbe kwa kila mtu, nakala iliyokwishashushwa kwenye kompyuta haiguswi. Kijana hana nia mbaya; hana tu sababu ya kufuta, na foleni ni ndefu. Mwambie afute mbele yako akitumia Shift pamoja na Delete, ili faili lisibaki kwenye pipa la taka, kisha ajitoe kwenye akaunti yako ya maombi. Si ufidhuli. Unapotoa pesa kwa wakala mbona unaficha namba ya siri na hakasiriki.

Afadhali zaidi ni kufika dukani na PDF iliyokwisha tayari, na hapa ndipo kazi inapokuwa ndogo kuliko watu wanavyodhani. Ukurasa wa A4 wenye maandishi unasomeka vizuri kwa nukta 150 kwa inchi, yaani pikseli 1240 kwa 1754. Picha ya simu ina pikseli zaidi ya mara tano ya hizo. Kwa hiyo dawa ni kupunguza picha kabla haijawa PDF. Kubana baadaye ni kutibu kilichokwishaharibika. Ukurasa wa saizi hiyo, katika JPG ya rangi ya kijivu, mara nyingi hutua kati ya kilobaiti 150 na 300, hivyo vyeti vitano vinaingia kwenye megabaiti mbili bila jasho. Wengi wanayo zana ya kupunguzia bila kujua: WhatsApp. Jitumie picha mwenyewe, kama picha na si kama "document", kwa ubora wa kawaida, nayo itashushwa hadi takriban pikseli 1600 kwa upande mrefu. Hiyo ni kama nukta 137 kwa inchi ya A4, inatosha kusoma jina na alama. Faida ya ziada ni kwamba maelezo ya mahali picha ilipopigwa, ambayo simu huyaandika ndani ya faili, huondolewa. Kabla ya kutuma, kata pembezoni ibaki karatasi tu. Meza na kanga iliyo chini yake vinakula pikseli.

Kugeuza kuwa PDF: kwenye iPhone, hifadhi picha kwenye Files, zichague zote, kisha "Create PDF". Kwenye Android, menyu ya "Print" ya picha ina chaguo la kuhifadhi kama PDF, ila ina kero yake: simu nyingine huandika picha upya bila kuibana, na PDF inatoka nzito kuliko picha iliyoingia. Ikitokea hivyo, tumia skana iliyo ndani ya Google Drive na uchague nyeusi na nyeupe. Ndiyo, Drive nayo ni seva, lakini ni kabati lako, lenye akaunti na nywila yako, na faili unaweza kulifuta mwenyewe. Programu za skana za kushusha ovyo ni suala jingine. Agosti 2019 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Kaspersky ilikuta programu hasidi ndani ya sehemu ya matangazo ya CamScanner ya Android, iliyokuwa imeshushwa zaidi ya mara milioni 100, na Google ikaitoa kwenye Play Store hadi iliposafishwa. Kazi kufanyikia kwenye simu haina maana kwamba aliyeitengeneza programu hawezi kukuangusha.

Mwenye kompyuta hana kisingizio. LibreOffice, ya bure na isiyohitaji intaneti ikishawekwa, inapokea picha kwenye Writer, sehemu yake ya kuandikia, na kwenye dirisha la kutoa PDF kuna sehemu mbili za kubadili: ubora wa JPEG, ambao huja ukiwa asilimia 90, ushushe hadi 70, na idadi ya nukta kwa inchi ("Reduce image resolution"), ambayo huja ikiwa 300, iweke 150. Kuunganisha na kutenganisha kurasa, PDFsam Basic inatosha. Taarifa ya benki au ya M-Pesa iliyofungwa haina haja ya tovuti ya kufungulia, ambako unakabidhi kufuli na ufunguo kwa pamoja: ifungue kwenye Chrome kwa nywila yake, chagua kuchapa, na badala ya printa chagua "Save as PDF". Mradi uchapaji umeruhusiwa, nakala itakayotoka haina nywila.

Na kama lazima utumie tovuti, zipo zinazofanya kazi yote ndani ya kivinjari bila kutuma faili, na kudai hivyo ni rahisi, lijaribu dai. Fungua ukurasa kwenye dirisha la faragha, usubiri ukamilike, zima data na Wi-Fi, kisha ndiyo uchague faili. Ikikwama, ilikuwa inataka kupakia. Ikimaliza, hifadhi matokeo na ufunge dirisha kabla ya kuwasha intaneti, maana ukurasa uliobaki wazi unaweza kutuma baadaye kilichoshindikana sasa.

Nywila na vifuniko vina mitego yao. PDF ina nywila za aina mbili: ya kufungulia, ambayo husimba faili zima, na ya ruhusa, inayozuia kuchapa au kunakili tu. Hii ya pili ni ombi la heshima. Programu nyingi huiondoa bila kuijua. Hata ya kwanza haisaidii ikiwa ni tarehe ya kuzaliwa: tarehe zote za miaka 100 hazifiki 37,000, na kompyuta ya kawaida inazimaliza kabla chai haijapoa. Namba ya kitambulisho cha Kenya yenye tarakimu nane ni afadhali kidogo tu. Weka maneno manne yasiyohusiana, na uyatume kwa njia tofauti na ile ya faili. Ama kufunika maandishi kwa kisanduku cheusi, wanasheria wa Paul Manafort, aliyewahi kuongoza kampeni ya Donald Trump, walijifunza Januari 2019 kwamba maandishi hubaki chini ya kisanduku: waandishi wa habari walinakili na kubandika, siri ikasomeka. Kalamu ya kuangazia ya simu ni mbaya zaidi, kwa kuwa wino wake unaonyesha kilicho chini. Ukiongeza mwangaza, namba inarudi. Funika kwa umbo lisiloonyesha kilicho chini, kisha geuza ukurasa kuwa picha na uirudishe PDF, au tumia "Redact" ya LibreOffice, ambayo hufanya hivyo yenyewe. Kwenye nakala ya kitambulisho andika juu ya picha, si pembeni, inakwenda wapi na tarehe gani. Nakala iliyoandikwa "maombi ya kazi, Juni 2025" ni ngumu kuombea mkopo Desemba.

Yote hayo, hata hivyo, yanamtwika mwombaji mzigo ulioanzia kwingine. Taasisi inayoweka kikomo cha megabaiti mbili bila kutoa njia ya kukifikia imewapeleka wananchi kwenye tovuti hizi kwa mkono wake. Chini ya sheria ya Tanzania taasisi hiyo ni mkusanyaji wa taarifa na ina wajibu wa kuzilinda zikishaingia kwenye mfumo wake. Kwamba zilipita kwa wageni watatu kabla ya kuingia, haimo kwenye hesabu za mtu yeyote. Kivinjari cha simu ya bei nafuu kina uwezo wa kupunguza picha chenyewe kabla ya kuituma, na mwandika programu anahitaji mistari michache tu kukiagiza. Fomu inayosema "PDF, isizidi MB 2" ingeweza kuwa na kitufe cha kamera na maneno "piga picha ya cheti hapa", ikapokea kilobaiti 250, na hiyo PDF ikatengenezwa na seva ileile ambayo mwombaji alikuwa anaikusudia tangu mwanzo.